Jina la Gugu kwa Kilatini

Hapa kijijini Gendabi watu wananiita Kilatini. Watoto wakitoka shule wanapita mbele ya nyumba yangu wakisema, "Shikamoo babu Kilatini," nami naitikia marahaba bila kinyongo. Jina nililobatizwa nalo linajulikana kwa Mungu, kwa mke wangu na kwa daftari la parokia, na hao wanatosha.

Aliyenipa jina hili ni jirani yangu mfugaji, Mbarabaig wa rika langu. Miaka zaidi ya thelathini iliyopita alikuja asubuhi kuomba mabua ya mahindi kwa ajili ya mifugo yake, akanikuta nakamua. Nilikuwa na ng'ombe wawili tu, na nilikuwa na tabia ya kuwaimbia polepole nyimbo za misa ya zamani ili watulie. Alisimama mlangoni mwa zizi, fimbo begani, akasikiliza mpaka nikamaliza.

"Hiyo ni lugha ya nani?" akauliza.

"Ni Kilatini."

"Wenyewe wako wapi?"

"Walishakufa wote, zamani sana."

Akawaangalia ng'ombe wangu, akaiangalia na ndoo. "Unawasemesha ng'ombe kwa lugha ya wafu, halafu unashangaa maziwa ni machache."

Tangu siku ile nikawa Kilatini, na yeye akawa rafiki yangu.

Nilikizoea Kilatini kabla Kiswahili changu hakijakaa sawa. Nilizaliwa kule juu Mbulu, kwenye baridi, katika nyumba ambayo lugha yake ilikuwa Kiiraqw peke yake. Kiswahili kilikuja na shule, lakini Kilatini kilikuja kwanza, kwa sababu nilianza kutumikia altareni nikiwa mdogo hata mishumaa sikuifikia. Padre mzee alitufundisha majibu ya misa kwa kuyarudia, sentensi moja siku nzima, kama mtu anayelainisha ngozi. Hatukujua maana. Nakumbuka hasa sala ya kuungama, ambayo tuliisema tumeinama mpaka paji la uso likaribie sakafu, tukijipiga kifua mara tatu. Nilikuwa na umri wa miaka minane hivi. Dhambi yangu kubwa ilikuwa kuiba maziwa ya mgando kwenye kibuyu cha bibi, lakini nilijipiga kifua kama mtu aliyeua.

Baadaye nilisoma miaka michache seminari ndogo. Huko ndiko nilikoonyeshwa kwamba Kilatini kilikuwa na sarufi yake na watu wake, waliokula na kugombana kama sisi, na kwamba meza tunayolia chakula ilipata jina lake huko, ikapitia kwa Wareno ndipo ikafika kwetu. Neno shule nalo ni hivyo hivyo, ila lenyewe lilipitia kwa Wajerumani. Baba alipofariki nikarudi nyumbani, mimi nikiwa mtoto wa kwanza. Sikuwa padre. Nikawa katekista, nikahamia huku Gendabi, na kwa miaka mingi nikawa mwalimu wa watu wazima wasiojua kusoma. Namshukuru Mungu kwa njia hiyo, kwa sababu ningeachwa nichague mwenyewe nisingeichagua.

Katika darasa lile la watu wazima nilikutana na Kilatini tena. A, be, che tulizoandika ubaoni ni herufi za Kilatini. Niliwaambia hivyo wanafunzi wangu, na mama mmoja akaniuliza kama basi akijua kuandika jina lake atakuwa anajua Kilatini. Nikamwambia ndiyo, kidogo. Alikwenda nyumbani na furaha kubwa, na sikujuta kumwambia.

Tangu hapo neno hilo limekuwa likinifuata. Redio ikitangaza mpira, nasikia habari za timu za Amerika ya Kilatini, na vijana wananiuliza kama kule wanasali kama mimi. Mjukuu wangu anayesoma Mbulu alinitengenezea simu, akafika mahali pa kuchagua maandishi ya kubonyeza, akacheka. "Babu, hata humu umo." Ilikuwa imeandikwa Latin. Na mtu akitoka zahanati na karatasi asiyoielewa, atasema daktari amemwandikia Kilatini, hata kama ni mwandiko mbaya tu. Wengine wanalitumia neno hili kwa kitu kitakatifu, wengine kwa kitu cha kigeni, na wengi kwa kitu chochote wasichokielewa. Mimi nilizoea kujiona mlinzi wa maana zote hizo. Mwaka juzi nilijifunza maana nyingine, na hiyo sikuipenda.

Kwetu mtu akishavuna mahindi, mabua hayatupwi. Nayakata, nayarundika, na jirani yangu mfugaji anakuja na mkokoteni wa punda kuyachukua kwa ajili ya kiangazi. Yeye ananiletea samadi, na siku za sikukuu maziwa. Hatujawahi kuandikiana mkataba. Lakini kabla ya kukata mabua nina kazi moja ambayo siku zote niliifanya kwa mikono yangu: napita mstari kwa mstari niking'oa kila kisicho hindi. Mvua za mwisho huotesha magugu katikati ya mabua, na ng'ombe akiletewa lundo kavu hachagui kama anavyochagua malishoni. Jirani yangu alijua kwamba mabua ya Kilatini ni masafi. Hakuyakagua hata siku moja.

Mwaka juzi parokia ilikuwa inajiandaa kwa jubilei, na kamati ikaomba kwaya iimbe misa moja ya zamani. Aliyebaki wa kuwafundisha ni mimi. Nilifurahi kupita kiasi, na ninaliandika hili bila kuzunguka. Jioni nne kwa wiki nilikuwa kanisani nikiwarekebisha vijana matamshi. Shamba likanisubiri. Mwisho nikawaita vibarua, nikawaambia, "Kateni vyote, rundikeni." Sikuingia kwenye mistari. Niliona kutoka njiani maua meupe marefu kama tarumbeta, hapa na pale, na vitunda vyenye miiba. Nikasema moyoni yatakauka. Nikaenda kufundisha kuimba.

Wiki mbili baada ya jirani yangu kuchukua mabua, ng'ombe wake bora wa maziwa, mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda, alianza kuyumba kama mlevi. Macho yalipanuka, mdomo ukakauka, tumbo likajaa. Akafa siku ya pili. Wengine wawili waliyumba wakapona.

Sasa ng'ombe wake wakitoka malishoni hunywa maji mtoni, chini kidogo ya bustani ya mjane mmoja jirani yetu. Mama huyu ana watoto watatu, na serikali ya kijiji ilimpa kipande kile cha kando ya mto alime kabichi na nyanya. Siku moja kabla ng'ombe hajaugua alikuwa amepiga dawa ya wadudu, na jirani yangu alikuta bomba lake la dawa limeegeshwa ukingoni. Hakuhitaji kuona zaidi. Alisema maneno makali mbele ya watu. Mwenyekiti wa kitongoji akaitisha kikao Jumamosi, darasani, na akasema wazi kwamba ikithibitika ni dawa yake, kipande kile kitarudi kijijini. Kila mtu alijua maana yake. Mama yule hakuwa na shamba jingine.

Siku ya Jumanne alikuja afisa mifugo wa kata, binti kutoka Tanga, mwenye adabu na mikono isiyoogopa kazi. Alimpasua yule ng'ombe, akamaliza, akaja kwangu na pikipiki yake kwa sababu mimi ndiye katibu wa vikao vya kitongoji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeona nini?"

Akafungua kiganja. Palikuwa na mbegu ndogo bapa, za rangi ya kahawia iliyoiva, na kipande cha ganda lenye miiba. "Zimejaa tumboni. Kwetu Tanga mmea huu tunauita mnanaha. Huku nimeuliza watatu, kila mmoja amenipa jina lake, na wawili kati yao nadhani walikuwa wanazungumzia mimea mingine kabisa. Kwa hiyo nimeandika jina la kitaalamu, hilo halibishaniwi."

Akanipa karatasi yenye muhuri. Chini ya tarehe paliandikwa: Chanzo cha kifo, sumu. *Datura stramonium.* Basi.

"Mimi kesho naenda semina Babati, sitakuwepo Jumamosi," akasema. "Utawasomea na kuwaeleza, mzee. Wameniambia wewe ndiye mwenye Kilatini." Alitabasamu. Kisha akauliza, "Unaota wapi hapa?"

Nilikuwa naujua. Kwa Kiiraqw naujua tangu utoto, tulikatazwa kuushika. Nikajibu, "Unaota huku na huku."

Hakuwa na sababu ya kunitilia shaka. Alivaa kofia yake akaondoka.

Nilibaki na karatasi ile mkononi. Nikayasoma yale maneno mawili mara nyingi. Jambo la kuchekesha ni kwamba hayakuwemo katika Kilatini changu chote. Lakini kijiji kizima hakikuwa na mtu wa kunibishia. Ningeweza kusema lolote. Zaidi ya hapo, ningeweza kutosema kitu, na hapo ndipo jaribu langu lilipokuwa. Mwenyekiti alipopita jioni kuchungulia karatasi, alisoma kwa shida herufi kwa herufi, akatikisa kichwa. "Si unaona? Jina la dawa hili. Madawa yote ya dukani yana majina ya namna hii."

Nikasema, "Tutaeleza Jumamosi."

Mke wangu alikuwa amekaa barazani akichambua maharage. Mwenyekiti alipokwenda aliuliza bila kuinua macho, "Imeandikwaje?"

"Kwa Kilatini."

"Aa." Akatupa jiwe moja nje, akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Na kwa Kiswahili?"

Nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni. Hakuuliza tena. Tumeishi pamoja muda mrefu, anajua kuniacha.

Alhamisi nilikwenda kanisani kufundisha kwaya. Njia inapita kwenye bustani ya mjane. Alikuwa ameinama kwenye kabichi, mgongo kwa njia, kama mtu asiyetaka kuonekana. Nilimsalimia, nikamuuliza hali ya watoto. Akajibu vizuri. Nikaenda zangu. Jioni ile tulikuwa kwenye sehemu ya kuungama, na nikawaonyesha vijana jinsi tulivyoinama zamani na kujipiga kifua. Mmoja alikuwa anajigusa tu kwa ncha za vidole. Nikamwambia, "Piga usikie mwenyewe." Nikajipiga kifua kumwonyesha. Nilisikia mwenyewe. Niliwaruhusu waondoke mapema, nikakaa kwenye benchi ya mbele mpaka mlinzi alipokuja kufunga milango. Sikuomba kwa lugha yoyote. Nilikaa tu kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake, anayejua ameitiwa nini.

Naomba nieleweke vizuri. Sikuogopa kulipa. Niliogopa kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa mtu ambaye mabua yake hayakaguliwi.

Jumamosi darasa lilijaa. Ni darasa lile lile nililofundishia watu wazima, na juu ya ubao herufi bado ziko, kubwa na ndogo. Jirani yangu alikaa dirishani na wazee wenzake. Mjane alikaa dawati la nyuma karibu na mlango. Mwenyekiti alifungua kikao, nikasoma taarifa za mwanzo, kisha akasema, "Sasa katibu atusomee ya mtaalamu."

Jirani yangu akadakia kutoka dirishani. "Kilatini, leo unatusalisha au unatuhukumu?"

Watu wakacheka. Nikasoma mstari ule kama ulivyo. Yale maneno mawili yalitoka vizuri mno kinywani mwangu, na darasa likatulia kama kanisani. Mwenyekiti akaanza kusema, "Kwa hiyo, kama mlivyosikia, jina la dawa…"

"Si dawa," nikasema.

Nikaenda ubaoni. Nikachora ua refu na tunda lenye miiba, vibaya, kwa sababu sijui kuchora. Nikalitaja kwa Kiiraqw. Nikamgeukia jirani yangu, nikamwomba alitaje kwa Kibarabaig. Akalitaja polepole, uso wake umeanza kubadilika.

"Hilo haliko mtoni," akasema. "Ng'ombe wangu hawalili wakiwa malishoni."

"Hawalili likiwa bichi. Walilikuta kavu, ndani ya mabua."

"Mabua gani?"

"Yangu. Mwaka huu sikupita kwenye mistari. Nililiona limeota nikaenda kuimba. Ng'ombe wako ameuawa na uzembe wangu. Mama huyu hana kosa."

Niliyasema yote hayo kwa Kiswahili cha kawaida, mikono imeshuka. Nilikuwa nimejipiga kifua maelfu ya mara maishani, na mara hii moja iliyohitajika sikukumbuka hata kuinua mkono.

Jirani yangu hakupandisha sauti. "Umejua lini?"

"Jumanne."

Akahesabu kwa vidole, wazi, watu wote wanaona. "Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Siku nne zote ulikuwa unatafuta Kiswahili chake?"

Wachache walicheka, wakaacha. Ndipo yule mama akasimama kule nyuma.

"Babu," akasema, "ulipita kwangu Alhamisi."

"Nilipita."

"Ukanisalimia vizuri. Ukaniulizia na watoto."

"Ndiyo, mwanangu."

Alinitazama kidogo zaidi, akakaa. Nimesikia mahubiri mengi, na mengine nimeyatoa mwenyewe, lakini hakuna lililonifikia kama lile.

Nilisema nitatoa mtamba wangu. Jirani yangu alijibu, "Mtamba nitamchukua, nisikudanganye. Lakini kuna jingine. Kuanzia mwakani sichukui mabua mpaka mimi na wewe tumepita pamoja, mstari kwa mstari." Kisha akamgeukia mjane. Mtu kama yeye hajazoea kuomba radhi mbele ya wanawake, na ilimchukua muda. "Mama, nilisema maneno pale mtoni. Nayafuta." Mama akaitikia kwa kichwa. Mwenyekiti akatangaza kwamba bustani inabaki kwa mwenyewe, nami nikaandika hivyo kwenye daftari la kikao, kwa herufi kubwa.

Jubilei ilifika, kwaya ikaimba, na nasema kwa shukrani kwamba iliimba vizuri. Wazee wachache walilia. Mimi niliongoza bila hofu. Niliwahi kudhani kwamba baada ya siku ile ya darasani nisingeweza tena kufungua kinywa kwa lugha ile. Ilikuwa kinyume. Ile sala ya kuungama niliyoikariri nikiwa mtoto ilikuwa imenisubiri miaka yote hiyo mpaka nipate dhambi inayoitosha, na sasa nikiisema najua inamsema nani.

Mwaka jana, baada ya mavuno, jirani yangu alikuja asubuhi na fimbo yake. Tulianza mstari wa kwanza, yeye kulia, mimi kushoto. Yeye ana macho makali kuliko yangu. Aling'oa moja, akalinyanyua juu.

"Huyu anaitwaje kanisani?"

"Kanisani hayumo. Ni wa ofisi ya mifugo."

"Mtaje hata hivyo."

Nikamtaja. Akajaribu kurudia, akashindwa, akamtaja kwa Kibarabaig, akamtupa kwenye gunia. Tukaendelea hivyo karibu siku nzima, tukibishana juu ya mvua na wakwe. Shamba langu linateremka mpaka karibu na mto. Tulipofika mstari wa mwisho, migongo inauma, tuliweka gunia chini tukasema tumemaliza.

Ng'ambo ya uzio wa bustani yule mama alikuwa anamwagilia nyanya. Tangu siku ya kikao alikuwa akiniita babu tu, kwa heshima na kwa umbali. Alisimama na ndoo yake, akatazama nyuma yetu kwenye mabua.

"Kilatini," akaniita. "Umeacha mmoja."

Nikarudi kumng'oa.